Makocha wa humu, mnafanyaje timu nzima ielewe lengo moja? Mimi bango limenishinda

Kocha wa Vumbini:

Wakuu habari za muda huu. Mimi nafundisha timu ya vijana ya kata huku Morogoro vijijini, tunacheza ligi daraja la tatu ngazi ya wilaya, na uwanja wetu kama una nyasi basi ni zile za pembeni ambako mbuzi hawajafika. Sina leseni kubwa, nimepita kozi ya awali ya siku chache mengine najiongeza mwenyewe, ila hii timu niko nayo msimu wa pili sasa.

Kule kozi tuliambiwa kocha lazima awe na maono halafu awafanye wachezaji wayabebe. Nikarudi na moto. Nikakaa usiku mmoja nikaandika KUWA TIMU BORA, YENYE NIDHAMU NA USHINDANI, KATIKA MKOA NA TAIFA IFIKAPO 2028. Nikaenda kwa jamaa wa steshenari mjini nikatoa elfu 35 ya mfukoni kwangu, akanichapia bango la turubai mita mbili, nikalitundika kwenye ukuta wa darasa tunapobadilishia nguo. Siku ya kwanza vijana wakapiga makofi wakapiga na picha wakaweka status.

Wiki ya tatu nafika mazoezini nakuta bango limetandikwa chini, watu wanne wamelikalia wanakula miwa na maganda yote yamejaa juu ya neno NIDHAMU. Nilitaka kukasirika nikaishia kucheka. Nikamuuliza mmoja wao, haya hapo mlipokalia pameandikwa nini, akanijibu "kocha si yale mambo ya taifa".

Shida yenyewe ni hii. Nina vijana 23 na kila mmoja yuko pale kwa jambo lake. Kuna watatu wanne wanataka waonekane wachukuliwe na timu za juu, hao mpira wakiupata hawautoi mpaka wanyang'anywe. Kuna watu wa bodaboda wanakuja kutoa jasho tu. Kuna wanaofuata ile elfu mbili ya nauli siku ya mechi. Mwenyekiti yeye anataka tupande daraja na ana mambo yake ya siasa humo humo. Tukiongoza tuko vizuri, tukifungwa goli moja tu kila mtu anacheza mpira wake, Jumapili tumepigwa 4-1 na kipindi cha kwanza tulikuwa tunaongoza sisi.

Sasa wanaojua hizi kazi, nyie mnaanzia wapi? Unafanyaje watu 23 wawe wanataka kitu kimoja? Naomba msinipe mambo ya vitabuni sana maana hayo ninayo kwenye daftari.

Mzee wa Kona:

"Ifikapo 2028" nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza kuna nini. Mkuu hiyo umeiandika kama mpango mkakati wa halmashauri, ilibaki kuweka "kwa kushirikiana na wadau wa maendeleo". Kijana hajui kesho anakula nini wewe unampeleka 2028. Ngoja waje wenye kazi zao, mimi nakaa hapa pembeni na miwa yangu.

Ticha wa Netiboli:

Pole kaka, wala usilichane hilo bango, wengi tumepita huko. Mimi mwalimu wa sekondari, asubuhi Jiografia jioni netiboli ya wasichana, kila mwaka tunajiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilo hilo ila langu lilikuwa hotuba. Nawasimamisha mstarini, jua linawachoma, nahutubia dakika ishirini tunataka kufika taifa mmenielewa, wanaitikia NDIYO MWALIMU. Ile ndiyo mwalimu sote tumesoma shule tunaijua, mtoto anaitikia ili aruhusiwe kukaa.

Siku moja nimechoka nao nikachana karatasi nikawagawia, nikawaambia usiandike jina lako, andika kitu kimoja tu kinachokuudhi kwenye hii timu. Sikuuliza ndoto wala lengo, maana ukimuuliza mtoto wa shule lengo anakuandikia kile anachodhani unataka kukisoma. Ukimuuliza kinachomuudhi hapo ndipo utamjua. Walikuwa 14, karatasi 9 zikasema jambo moja kwa maneno tofauti, kwamba tunagombezana uwanjani mbele ya watu. Moja iliandikwa "GS akikosa anamwangalia aliyempa mpira kama amemuona mchawi", GS ni yule mfungaji wa netiboli. Hiyo ninayo mpaka leo kwenye droo.

Tukakaa chini ya mwarobaini tukaongea, yaani waliongea wao, nahodha ndiye aliyeongoza mimi nikashika mdomo wangu, na nakwambia kushika mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wakakubaliana hivi, mpira ukipotea aliyeupoteza anapaza sauti "wangu!", na akishasema hakuna mwingine anayeruhusiwa kutia neno mpaka mpira urudi. Basi, neno moja. Mechi zetu utasikia wangu, wangu, wangu, mwanzoni wapinzani walidhani tunaitana mpira.

Taifa hatujafika nisikudanganye, tumeishia mkoa mara mbili. Ila niliwahi kwenda semina wiki nzima narudi nakuta wanaifuata vile vile bila mimi, na form one wapya wanafundishwa na wenzao, wala si mimi. Hapo ndipo nikajua wamekishika. Ukiwauliza timu yenu inataka nini hawatakutajia kombe, watakwambia "sisi hatugombani".

Mnazi wa Msimbazi:

Ticha umemaliza. Mimi si kocha ni shabiki ila nitoe mfano ambao wote tuliuona kwa macho. Simba ya 2018/19 makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika chini ya kocha Aussems. Ugenini tulikula 5 kwa AS Vita, tukala 5 nyingine kwa Al Ahly, tukala 2 kwa JS Saoura, ukiangalia hayo matokeo peke yake unasema hii timu inashuka daraja. Lakini nyumbani wote watatu walilala, Saoura 3-0, Al Ahly 1-0, Vita 2-1. Pointi 9 zote za Dar na robo fainali tukaingia.

Baadaye ndiyo ikaja Kwa Mkapa Hatoki Mtu, yaani kwenye uwanja wetu wa Mkapa pale Dar, na 2020/21 ikawa kweli tena, Al Ahly 1-0 kwa lile goli la Miquissone, Vita 4-1, Merrikh 3-0. Sasa itazame hiyo kauli, maneno manne tu. Beki anaijua, mkata tiketi anaijua, muuza karanga anaijua, na kila mechi ikiisha unajua hapo hapo imetimia au haijatimia. Hakuna mtu alisema tuwe klabu bora Afrika ifikapo lini sijui. Kocha tafuta hatoki mtu yako. Huo uwanja wa mbuzi si ndiyo silaha yenyewe, wageni wakija wanateleza nyie mnajua mashimo yote yalipo.

Jangwani Damu:

Hizo 5 na 5 umezipita mbio sana mkuu, hebu rudia polepole wote tusikie, hahaha.

Ila point yake naikubali. Niongeze la kwetu Yanga. Tulifika mechi 49 za ligi bila kupoteza, Ihefu akatusimamisha 2-1 Novemba 2022. Mtaani kila mtu alikuwa anahesabu ule mfululizo, arobaini na ngapi arobaini na ngapi, siku unakatika watu wakasema hapa timu inasambaratika. Haikusambaratika. Msimu ule ule kocha wetu Nabi akabeba ubingwa na akatufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, USM Alger walituzidi kwa magoli ya ugenini tu na kwao Algiers tuliwafunga. Ninachotaka kusema kocha asiwape vijana lengo ambalo likivunjika siku moja wanabaki hawana kitu cha kushika. "Tusifungwe" ni lengo baya sana, mnafungwa dakika ya tano halafu mnafanya nini dakika 85 zilizobaki?

Mtoa Nauli:

Samahani naenda kuharibu uzi. Hizi ligi za chini nimecheza miaka sita, kila msimu kocha mpya, kila msimu maono mapya, hela ya kambi haionekani. Mchezaji aliyekunywa chai kavu asubuhi ana maono ya chapati. Harambee Stars ya Kenya kwenye CHAN ile ya Agosti 2025, ya wachezaji wa ligi za ndani, si mliwaona, Rais Ruto kawatangazia milioni moja ya Kenya kila mchezaji kwa kila mechi wakishinda na nusu yake wakitoka sare. Wakampiga DR Congo, wakampiga Morocco wako pungufu, wakampiga Zambia. Hayo ndiyo maono bwana, yanahesabika. Kocha peleka hiyo elfu 35 kwenye maji na ndizi uone kama hawatatoka kitu kimoja.

Msee wa Eldoret:

Hapo kwa Harambee Stars wacha mimi Mkenya nijibu. Pesa ilikuwepo na ilisaidia, hakuna mtu atakataa hiyo. Lakini angalia vile iligawanywa. Ilikuwa ya kila mchezaji, yule amefunga goli na yule amekaa tu benchi na bib yake, wote sawa. Kama ingekuwa ni mfungaji peke yake anapata, ile mechi ya Morocco tungepigwa tano, maana second half yote tulikuwa watu kumi na kila mtu angekuwa huko mbele anatafuta lake. Wewe unasema ni pesa, mimi naona ni vile pesa iliwekwa. Na robo fainali Madagascar wakatutoa kwa penalti, ahadi zikiwa bado ziko.

Halafu kuna kitu iko karibu na kwangu hapa. Kaptagat, ile kambi ya Patrick Sang, huyo wa silver ya steeplechase Barcelona 1992. Hapo ndio Eliud Kipchoge amefanya mazoezi miaka yote hiyo. Kuna orodha ya kazi, kufagia, kusafisha, kuosha choo, na Kipchoge na medali zake mbili za dhahabu za marathon ya Olimpiki zamu yake ikifika anaosha choo kama yule kijana ameingia kambi juzi. Na hiyo ni riadha, mchezo wa kila mtu na miguu yake! Hakuna pasi hapo. Lakini siku ya Vienna, 12 Oktoba 2019, akikimbia marathon kwa 1:59:40, kulikuwa na wadhibiti kasi 41 wa kumkatia upepo wanaingia wanatoka, wengine wao ni mabingwa na hakuna hata mmoja angepata medali hiyo siku. Mimi naamini mtu ameshika ufagio na wewe ndio anaweza kukukatia upepo. Kocha, kwako nani anabeba mipira?

Kocha wa Vumbini:

Nawasoma wote, madini kweli kweli. Msee wa Eldoret mipira wanabeba wadogo, yaani wale wa miaka 16, 17. Na wao ndio wanafua jezi. Sijawahi kulifikiria kama jambo maana hata sisi tulibeba.

Beki Mstaafu:

Kocha mimi nina swali moja na unijibu ukweli. Hapo kwako kuna mchezaji ambaye hata asipokanyaga mazoezini wiki nzima Jumapili anaanza?

Kocha wa Vumbini:

Duh.

Yupo. Straika. Ana mguu wa kushoto nyie acheni tu, kwenye magoli 14 tuliyofunga yake 9. Anakuja Ijumaa jioni akijisikia, siku nyingine anashuka kwenye bodaboda dakika kumi kabla ya mechi kavaa jezi tayari. Nikimwacha tunafungwa na mwenyekiti anampenda.

Beki Mstaafu:

Basi maono yako wameshayasoma zamani, ila hawakuyasoma kwenye bango. Wameyasoma Jumapili kwenye karatasi ya kikosi. Wewe umeandika NIDHAMU kwa elfu 35, karatasi ya kikosi imeandika "ukiwa na mguu wa kushoto fanya utakavyo", na hiyo ya pili ndiyo inayoamua nani anavaa jezi. Wale 22 siyo wajinga. Mchezaji hamsikilizi kocha anaongea nini, anaangalia nani anaanza na nani anatolewa dakika ya 60. Nimekaa vyumba vya kubadilishia nguo miaka kumi na tatu, kikosi kikitajwa kuna kimya cha sekunde mbili hivi, kwenye hicho kimya kila mtu anafanya hesabu zake. Ukishapoteza hicho kimya hotuba haikusaidii.

Mnamkumbuka kocha Amunike alipoichukua Taifa Stars 2018? Kambi ya kwanza tu ya kwenda kucheza na Uganda aliwaondoa wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kuripoti. Nchi nzima ikapiga kelele, huyu mgeni ana kichaa, anakwenda Kampala bila watu. Akaenda, 0-0. Waliobaki wakaelewa bila bango kwamba hapa jina halina kiti. Na wale siyo kwamba aliwazika, baadhi yao walirudi baadaye na tarehe 24 Machi 2019 Uganda alikufa 3-0 Taifa tukaenda AFCON baada ya miaka 39.

Mtoa Nauli:

Tusidanganyane mzee, siku ile Uganda walikuwa wameshafuzu, na ilibidi Lesotho nao wasishinde kule Cape Verde. Na kule Misri kwenye AFCON yenyewe tulipigwa zote tatu, Senegal, Kenya, Algeria.

Beki Mstaafu:

Kweli tupu na sijabisha. Sijasema ukimweka mtu benchi unapewa kombe. Mwaka mmoja baadaye unaweza kufukuzwa kama yeye alivyoondoka baada ya hayo mashindano. Ila kocha kauliza anaanzia wapi, mimi namwambia aanzie kwenye karatasi ya kikosi, na ajue ina gharama na gharama yenyewe italipwa Jumapili mbele ya mwenyekiti.

Bint Tanga:

Nimesoma uzi wote sikutaka kuchangia maana mpira naangalia tu kwa kaka zangu, ila kuna kitu kimenijia. Morocco wa Kombe la Dunia 2022. Kocha wao Walid Regragui alipewa timu mwisho wa Agosti, mashindano Novemba, yaani hata miezi mitatu haifiki. Timu yenyewe wachezaji 14 kati ya 26 wamezaliwa nje ya Morocco, huyu Uholanzi, huyu Ufaransa, huyu Hispania, Ziyech alikuwa ameshasusa timu ya taifa kwa kugombana na kocha aliyepita. Unawaunganishaje hao kwa wiki kumi na kitu?

Jamaa alikuwa na neno moja analirudia kila mahali, "niya". Diru niya, wekeni nia. Waandishi wa nje wakawa wanahangaika kulitafsiri, mimi nikicheka maana sisi watu wa pwani hilo neno tunalo hivyo hivyo. Na sisi tunajua nia siyo kitu cha kutangaza. Unanuia kufunga usiku, hakuna anayekuona, lakini itajulikana mchana kweupe saa nane njaa inauma na maji yako mbele yako. Ukinywa hukuwa na nia, basi. Ndiyo maana naona neno lile lilifaa, halikumwambia mtu utashinda, lilimwambia utakuwaje wakati inauma. Mpaka wanafika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, walikuwa wameruhusu goli moja tu, na hilo la Canada walijifunga wenyewe.

Na aliwaleta mama zao. Ile Hakimi anakwenda jukwaani kumbusu mama yake, nadhani wengi mliiona. Mtu aliyezaliwa Madrid, kinachomfunga na Morocco ni nini kama siyo yule mama? Kocha aliona kila mmoja ana uzi wake tayari, akaushika huo huo, hakwenda kununua mwingine dukani. Huyo wako anayetaka kuonekana, na yule wa boda, na yule wa elfu mbili, labda na wao wana kitu kinachofanana chini huko ila hujawauliza. Ni mawazo yangu tu jamani msinishambulie.

Mzee wa Kona:

Hakuna wa kukushambulia dada, hiyo ya saa nane mchana nimeibeba, naenda nayo kijiweni kama yangu.

Kocha wa Vumbini:

Wakuu nimerudi, wiki mbili na siku kadhaa, naleta mrejesho.

Alhamisi ile niliwaita, wakaja 19. Nikawagawia karatasi kama alivyosema Ticha, andika kinachokuudhi usiweke jina. Kalamu zilikuwa tatu ikabidi wapokezane kwa hiyo zoezi lilikwenda mpaka giza, za mwisho nimesomea kwenye tochi ya simu. Mimi nilijua nakwenda kusoma posho, posho, posho. Posho waliandika wanne. Kumi na mmoja waliandika habari za vifaa, yaani hao hao wanaobeba mipira na nyavu kutoka nyumbani kwangu, wanaofua jezi, ndio hao hao hawaingii. Mmoja kaandika "nimefua jezi namba 9 mara sita sijawahi kuivaa". Nilikaa na hiyo karatasi kidogo. Na nyingine ilisema tu "kocha anamwogopa mtu". Mwandiko naujua, nimenyamaza.

Nikawasomea zote kwa sauti, hata hiyo ya kocha kumwogopa mtu nikaisoma. Halafu nikakaa chini kwenye tofali nikawaambia semeni. Dakika kama tano hakuna mtu anaongea, mbu tu. Kipa ndiye akaanza, huyu kipa ni wa bodaboda nilikuwa najua anakuja kutoa jasho, akasema yeye anapoteza abiria wa jioni siku tatu kwa wiki ili ale vumbi pale, sasa anaona wivu kwa mtu ambaye halii vumbi halafu anapewa nauli ile ile. Basi hilo neno vumbi likashika. Wakabishana, wakapiga kelele, wakacheka, mwisho wakatoka na yao: HUJALA VUMBI HUANZI. Mazoezi ni siku tatu, ukikosa mbili Jumapili unaanzia benchi awe nani. Jezi zinafuliwa kwa zamu watu wawili wawili, nahodha yumo, mimi mwenyewe nimo, zamu yangu ya kwanza ilikuwa juzi na zile soksi jamani Mungu anawaona.

Jumapili ikafika. Mtu wangu akashuka kwenye boda kama kawaida yake kavaa jezi. Nikamwambia leo unaanzia nje, na hapo moyo unanidunda kuliko yeye. Hakutukana wala nini, akavua jezi, akaikunja vizuri akanipa mkononi, akapanda boda ile ile akaondoka. Mwenyekiti kaona yote.

Tulitanguliwa dakika ya 20 na kitu, nikasema haya yale yale, sasa tunakwenda kula nne. Wakakusanyana katikati, sijui walisemezana nini sikuwepo, wakaendelea kupiga pasi zile zile kama hakuna kilichotokea. Beki wetu akasawazisha kwa kichwa cha kona dakika za mwisho mwisho, 1-1. Timu ile mzunguko wa kwanza ilitupiga tatu. Mwenyekiti aliondoka hajaniaga na simu yangu hapokei mpaka leo, kwa hiyo inawezekana mwezi ujao mkanisoma humu natafuta timu.

Bango tumeligeuza. Nyuma lilikuwa jeupe, wakaandika wenyewe kwa makapeni, mmoja kaacha herufi sasa linasomeka HUJALA VUBI HUANZI, wamekataa nisirekebishe.

Straika Jumanne hakuja, jana hakuja. Leo jioni mdogo wake, yuko darasa la sita, kaja mpaka nyumbani kuniuliza zamu ya kaka yake ya kufua ni lini. Sijajua katumwa au kaja kwa akili yake. Nimemwambia ni wiki ijayo, yeye na kipa.

Ticha wa Netiboli:

Kakupangia na kipa nani, wewe au wao?

Kocha wa Vumbini:

Wao ticha. Hata mimi nimekuta tu iko kwenye orodha.

Mtoa Nauli:

Posho waliandika wanne tu? Waulize tena tarehe 28.

Kocha wa Vumbini:

Nitawauliza mkuu. Kalamu safari hii nanunua tano.